Mnalala Wangapi Humu?

Bibi Dobi hakuwahi kupoteza nguo ya mtu. Alilisema mwenyewe, wateja wake walilisema, na hata wale wasiompenda kwa ule ulimi wake wa kukwaruza walilikubali shingo upande. Ungempelekea soksi moja iliyoachana na mwenzake, angekurudishia soksi moja, safi, imepigwa pasi, pamoja na neno la kukuchokoza kuhusu huo mguu wako wa pili. Ndiyo maana shali ya binti yake ilipokosekana siku ya msiba wa binti huyo, hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba labda imewekwa mahali ikasahauliwa. Nyumbani kwa Bibi Dobi kitu hakisahauliki. Kama hakipo, basi kimechukuliwa.

Na aliyekuwa akishika nguo za mgonjwa katika siku zake za mwisho alikuwa mtu mmoja tu, shangazi wa mtoto aliyeachwa na marehemu. Huyu alikuwa dada wa yule bwana aliyemzalisha binti kisha akaenda kuanza maisha kwingine. Kaka alipokimbia, dada alibaki. Alikuja kila jioni kumwogesha wifi yake, kumchana nywele, kumvisha ile shali ya sufu ya buluu na kumlisha kwa kijiko. Siku ya msiba Bibi Dobi alimsimamisha mbele ya watu wote na kumwambia aitoe shali alikoificha, maana alitaka binti yake azikwe nayo. Shangazi aliweka chini sinia la vikombe, akachukua mkoba wake, akatoka. Waliobaki waliinamisha macho, na binti akazikwa bila shali.

Baada ya hapo mvua zikaanza, na ukuta nao ukaanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho katika safu ndefu ya nyumba za kupanga, zote za rangi moja na zote zikichubuka pale pale. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: makarai, pasi, kikapu cha vibanio, na kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Siku za mvua nguo za watu zilining'inia humo mpaka mgeni akaingia kwa kuinama, akipanguswa uso na mikono ya mashati. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda alicholalia Bibi na mjukuu wake, kabati refu lililokaribia kugusa dari, na dirisha ambalo halikufunguliwa tangu msiba. Halikufunguliwa kwa makusudi. Chumba kile kilikuwa bado na harufu ya binti, yale mafuta yake ya nywele na ile dawa ya kuchua kifua, na Bibi hakuwa tayari kuitoa nje ikapotelee barabarani.

Baka lilijitokeza juu ya mto, dogo, mtu angedhani mtoto ameegemeza kichwa chenye mafuta. Bibi alilifuta kwa kitambaa na sabuni. Likarudi. Akalifuta tena, likarudi likiwa na bega. Wiki zilivyokwenda likapata shingo, na kichwa kilichoinamia upande mmoja, na mgongo ulioteremka hadi ukingo wa godoro. Bibi Dobi alisimama mbele yake na pasi ya moto mkononi, akasahau kwamba ameishika. Aliujua mkao ule. Binti yake, kifua kilipombana asiweze kulala chali, alikuwa akikaa kitandani vile vile, ameegemea ukuta ule ule, kichwa kikiwa kimeinamia upande wa kushoto.

Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Kwa siku kadhaa aliingia chumbani akiangalia pembeni. Lakini mtu huizoea hata hofu ikikaa naye nyumba moja, na hii ilikuwa na sura ya mwanawe. Siku moja akajikuta anasema, "Mama, umeshindaje?" Basi. Kuanzia hapo hakunyamaza tena.

Alikuwa akimwita binti yake "mama" tangu alipokuwa mchanga, kama wengi tunavyowaita mabinti zetu kwa mapenzi. Mtoto naye alimwita mama kwa sababu alikuwa mama yake. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na jina moja la kumwitia mtu mmoja, na wakati wa uhai wake jambo hilo lilikuwa kichekesho cha nyumbani. Sasa lilikuwa ndilo jina la ukuta.

Ukuta nao ulijibu. Siku za upepo, mvua inapopiga ubavuni mwa nyumba, mle ukutani mlisikika pumzi. Haikuwa sauti ya panya wala ya maji. Ilikuwa pumzi ya kuvutwa kwa shida, ndefu, yenye mkwaruzo mwishoni, kisha kimya, kisha tena. Bibi aliisikiliza pumzi ya namna ile miezi mingi mpaka siku ilipokatika, na asingeweza kukosea.

Mjukuu hakuogopa hata kidogo. Bibi alimpa jina la utani Kishikizo, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa alikuwa haachi kushika nguo ya mama yake. Kila alipoisikia ile pumzi alitulia, akanyoosha kidole kuelekea ukutani, akasema, "Mama anaziba baridi."

Bibi Dobi alilia aliposikia hivyo mara ya kwanza. Mwanawe hajaenda kokote. Yuko pale, kati ya mtoto na mvua, anaziba baridi. Ni mama gani angeomba zaidi?

Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa anakohoa.

Kilianza kikohozi cha kawaida, cha mafua. Kikateremka kifuani. Kikawa kikohozi ambacho Bibi alikisikia mtoto akiwa bado kwenye kona ya mtaa, anarudi kutoka shule, kabla hajamwona. Daktari wa zahanati aliuliza wanaishi wapi, wanalala wapi, chumba kina hali gani. Bibi akajibu kwamba chumba ni kizuri. Daktari akasema dawa atampa, lakini chumba chenye unyevu kitamrudishia mtoto ugonjwa kila akitaka kupona. Bibi akashukuru, akachukua dawa, akaondoka amekasirika kana kwamba ametukaniwa mtu wake.

Habari za kikohozi zilimfikia shangazi. Alikuja mchana mmoja wa mawingu, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Alimsikiliza mtoto akikohoa chumba cha nyuma mpaka alipomaliza. Uso wake ulikuwa umekauka. Alisema hakuja kugombana. Alisema alikwisha kumuuguza mtu mmoja wa nyumba hii na hatakaa aangalie wa pili.

"Mvua zikiisha na kifua chake hakijapona, Bibi, nitakuja kumchukua. Na ukikataa nitakuja na wazee."

Bibi Dobi alimfungia mlango, kisha akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Kishikizo ndiye mtu aliyebakia. Akichukuliwa, nyumba ile itakuwa na pasi na ukuta.

Ndipo akaja Fundi Hewa. Mwenye nyumba alikuwa amechoka na malalamiko ya wapangaji kuhusu kuta zinazoota ukungu, akamtuma fundi azipitie nyumba zote za safu ile. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa, na jina hilo alipewa na watoto wa mtaa kwa sababu kila alipokaribishwa neno lake la kwanza lilikuwa, "Hewa, jamani, hewa!" Aliingia kwa Bibi Dobi akigombana na mikono ya mashati, akapiga chafya mbili, akauliza kama hapa ni nyumbani au ni mawinguni.

Bibi akamjibu kwamba mawinguni hawaruhusu watu wenye viatu vya tope.

Fundi akacheka, akavua viatu. Alikagua chumba cha mbele, akabonyeza plasta kwa kidole gumba, akanusa pembe za ukuta kama mpishi. Kisha akauliza swali alilouliza kila nyumba, kwa sababu watu wakilala wengi chumba kimoja pumzi zao hugeuka maji ukutani.

"Mnalala wangapi humu, Bibi?"

"Watatu," alisema Bibi Dobi, na neno lilikwisha kutoka.

Fundi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akiwa bado amesimama pale akamsikia mtoto chumba cha nyuma akisema, "Mama, Bibi ana mgeni," akaelewa zaidi, au akadhani ameelewa. Kwa kuwa Bibi alimzuia asiingie chumbani, akisema mama amepumzika na asingependa asumbuliwe, Fundi Hewa aliondoka akiamini kwamba mle ndani kuna mgonjwa wa kitandani, pengine mama mzazi wa Bibi mwenyewe, kikongwe, ambaye hata mjukuu anamwita mama. Akamsikitikia sana.

Akapanda juu ya bati, akazibua mfereji wa maji ya mvua, akaubadilisha kipande kilichooza. Alikuwa na hakika kwamba maji yanatoka huko. Hayakutoka huko. Mvua iliponyesha tena ukuta ulilowa vile vile, na yeye akarudi akikuna kichwa, akaziba nyufa za nje kwa saruji. Ukuta ukalowa. Kila alipopita dirishani alipaza sauti ya adabu, "Mama anaendeleaje leo?" Na Bibi, huku anakunja mashuka, akajibu, "Hajambo, anapumua kidogo kidogo." Fundi akasema, "Tumshukuru Mungu," akaenda zake. Siku moja alileta machungwa kwa ajili ya mgonjwa. Bibi aliyapokea, akampa Kishikizo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka mwenyewe jikoni mpaka akaona haya.

Lakini fundi alipomwambia kwamba sasa itabidi aingie chumbani, aoshe ukuta kwa dawa na kuupaka rangi upya, kicheko kiliisha. Bibi alisema mama hapendi harufu ya rangi. Fundi akasema basi mama ataanikwa nje juani siku ya kazi, yeye mwenyewe atambeba. Bibi akamwambia akijaribu kumbeba atajuta. Alilisema kwa sauti ambayo fundi hakuitegemea, naye fundi akashuka ngazi za baraza polepole akijiuliza amekosea wapi.

Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Bibi alijua hesabu ya shangazi, na alijua pia kwamba kifua cha mtoto hakijapona. Alipokuwa akimtazama Kishikizo akilala, uso umeelekea ukutani, na baka limeinama juu yake kwa ule upole wote, alijiambia mama mtu hawezi kumdhuru mwanawe. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko mtu mwenye uhakika anavyohitaji.

Kisha ikaja alasiri ya upepo mbaya. Mtoto alikuwa amelala tangu mchana. Ukuta ulianza kuvuta pumzi, na mtoto naye akaanza kukohoa, na Bibi akiwa mlangoni na shuka la mteja begani aliona jambo lililomkata maini. Vilikuwa vinapokezana. Ukuta unavuta, mtoto anakohoa. Ukuta unanyamaza, mtoto anatafuta hewa, mdomo wazi, midomo imepauka. Ukuta unavuta tena.

"Mama, mwachie," alisema Bibi. "Mama, nakuomba, mwachie na yeye avute."

Ukuta ukavuta.

Bibi Dobi aliangusha shuka la mtu sakafuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoka pekupeku kwenye mvua mpaka nyumba ya tatu, ambako Fundi Hewa alikuwa anakwangua rangi. Hakumweleza kitu. Alimshika mkono akamvuta, na yule mtu mzito akamfuata mbio.

Fundi aliingia chumbani kwa mara ya kwanza. Alimwinua mtoto, akamkalisha, akamshikilia mgongo wima mpaka kikohozi kikapungua na rangi ya midomo ikarudi. Kisha akatazama kitanda, akatazama nyuma ya mlango, akatazama kitanda tena.

"Bibi," alisema, "mama yuko wapi?"

Bibi akanyoosha mkono ukutani.

Fundi Hewa hakucheka. Alilitazama baka muda mrefu, kichwa, shingo, mgongo, kisha akavua kofia yake, ile isiyovuliwa. Alisema pole. Alisema hakujua. Akaweka kiganja juu ya ukuta karibu na bega, si juu ya bega, na kilipotoka kilikuwa kinameremeta maji. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba maji haya hayatoki nje, kosa lake lilikuwa kuyatafuta nje. Ni mvuke wa pasi, ni nguo mbichi, ni pumzi za waliolala, vyote vinakuja kupoa kwenye ukuta huu wa baridi kwa sababu havina pa kutokea. Mgonjwa alipouegemea kwa miezi, jasho na mafuta yake yaliingia kwenye rangi, ndiyo maana unyevu unamchora yeye.

"Nyumba yako haipumui, Bibi."

"Inapumua," alisema Bibi Dobi. "Msikilize."

Upepo ulipiga ubavu wa nyumba, na ukuta ukavuta ile pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Vinyweleo vilimsimama fundi mikononi, Bibi aliviona. Hata hivyo fundi alibaki pale pale, akageuza sikio polepole, akaifuata ile sauti mpaka kwenye kabati, na macho yake yakapanda.

Aliuliza kama kabati hili lilikuwa hapa tangu zamani. Bibi akasema hapana, binti ndiye aliyeomba lisogezwe kwenye pembe ile siku zake za mwisho. Fundi akasema kila nyumba ya safu hii ina tundu la hewa kwenye pembe ile, chini ya dari, na hapa hajaliona. Wakalisukuma kabati wote wawili. Ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa mweusi kwa ukungu, na harufu iliyotoka iliwafanya wazibe pua. Juu kabisa palikuwa na lile tofali la matundu, na ndani ya matundu kulikuwa kumeshindiliwa kitu. Fundi akapanda juu ya kiti.

"Ni shali ya mama," alisema Kishikizo kutoka kitandani. "Aliweka pale ili nisipigwe na baridi."

Bibi Dobi aligeuka. Aliuliza kwa nini siku zote hizo hakusema.

"Nilisema," alijibu mtoto. "Nilikwambia mama anaziba baridi."

Ni kweli alisema. Alisema kila siku ya upepo, kwa maneno ya mtoto ambaye kwake aliyeziba jana bado anaziba leo, na Bibi akayasikia alivyotaka yeye. Dobi asiyepoteza nguo alikuwa amelala msimu mzima wa mvua chini ya nguo aliyomwitia mtu mwizi.

Fundi akavuta. Shali ilikataa, kisha ikaachia kwa mkupuo, na tundu likatoa sauti moja ndefu, ya mtu anayeshusha mzigo. Hewa baridi iliingia chumbani ikatikisa pazia. Baada ya hapo kukawa kimya. Upepo ulipiga tena ubavuni mwa nyumba na ukuta haukujibu.

Bibi Dobi alisikia chumba kikiwa kitupu. Hakukisikia hivyo hata siku ya kuzika. Alimwendea fundi, akamshika pindo la suruali pale juu ya kiti, kama mtoto.

"Irudishe," alisema.

"Bibi."

"Irudishe nakwambia. Umemtoa. Mrudishe."

Fundi Hewa alibaki juu ya kiti, shali mkononi, akimtazama. Alimtazama Kishikizo. Mtoto alikohoa, kikohozi kidogo tu, akajifuta mdomo kwa mkono wa gauni. Bibi naye akamtazama. Ilimchukua muda. Kisha alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea shali, akakaa nayo kitandani ameikumbatia, na hakusema tena irudishwe.

Fundi alimwambia mengine mlangoni, huku anavaa viatu. Ukuta ulioshiba maji namna ile hautakauka haraka, na mtoto asilale mle mpaka ukauke. Nguo zianikwe nje chini ya kibaraza, pasi ipigwe mlango ukiwa wazi, dirisha la chumbani lifunguliwe kila asubuhi hata kama kuna baridi. Bibi alisikiliza. Alikuwa amekwisha elewa mtoto atalala wapi.

Shali aliifua mwenyewe keshoye, peke yake. Kwa juu ilinuka ukungu, lakini alipoingiza uso katikati, kwenye mikunjo ya ndani, kulikuwa bado na yale mafuta ya nywele. Alikaa hapo hadi maji ya karai yakapoa. Yeye ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule kwamba nguo huwezi kuifua nusu. Akaitia majini. Akaisugua taratibu, sufu haitaki papara, akaisuuza mara tatu, akaianika kivulini isipauke. Ilipokauka akamvisha Kishikizo, akafunga nguo zake kwenye mfuko, wakaenda.

Shangazi alifungua mlango, akaiona shali kabla hajawaona wao.

"Imepatikana," alisema Bibi Dobi. "Ilikuwa kwangu. Mwanangu alizibia tundu la hewa juu ya kitanda cha mtoto, mimi nikakuita mwizi mbele ya watu. Nimekuja kukuomba msamaha. Na nimekuja kukuomba umlaze mtoto hapa mpaka ukuta wangu ukauke."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na angeyapokea yote. Shangazi alichuchumaa, akaushika ukingo wa shali, akaupitisha vidoleni.

"Siku zile za mwisho aliniambia hasikii baridi tena," alisema. "Nilipotaka kumvisha alinikataza. Nikafurahi, Bibi. Nikadhani anapona."

Ndipo wote wawili walipolia, kilio ambacho kilikuwa kimewasubiri tangu siku ya sinia la vikombe. Shangazi alipochukua mfuko wa mtoto, Bibi aliuliza, kwa woga ambao hakuujua kwake, kama ukuta ukikauka ataruhusiwa kuja kumchukua.

"Hutakuja," alisema shangazi. "Nitamleta mimi. Na safari hii nitaingia ndani."

Bibi Dobi akarudi peke yake.

Alifanya yote aliyoambiwa. Kufungua dirisha ndiyo ilikuwa kazi nzito kuliko zote. Kila asubuhi alisukuma lile bawa la mbao akijua kwamba chochote kilichobaki cha mwanawe kinatokea hapo, kidogo kidogo, kinakwenda kuchanganyika na moshi wa magari. Kichwa kilifutika kwanza. Kisha shingo. Fundi Hewa alikuja kukagua, akagonga plasta, akaridhika, na mdomo wake uliozoea ukamponyoka: "Mnalala wangapi humu?"

"Mmoja," alisema Bibi.

Fundi alijuta pale pale. Alikaa kibarazani akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Kuna siku moja, manyunyu yamerudi nje ya msimu, baridi imeingia, bega peke yake ndilo lililobaki ukutani. Bibi Dobi alipanda juu ya kitanda na taulo lililokunjwa mkononi. Alifunga dirisha. Alinyoosha mkono hadi kwenye tofali la matundu. Siku chache tu za kuziba, alijua, na mwanawe angerudi kukaa pale pale ameinamisha kichwa. Alisimama hivyo, mkono juu, akasikiliza. Hakuna aliyepumua ukutani. Hakuna aliyekohoa kitandani. Alitambua kwamba kimya kinachomuumiza zaidi sasa ni hicho cha pili, akateremka kwa uangalifu wa magoti ya kizee, akakunjua taulo, akafungua dirisha.

Jua lilipotengemaa fundi alileta ndoo ya rangi na brashi, akamwachia. Bibi alitaka kupaka mwenyewe. Alipitisha kiganja pale lilipokuwa bega na kikatoka kikavu, na alama haikuwepo tena, au ilikuwepo kwa yeye tu. "Pumzika, mama," alisema, akachovya brashi.

Zamani alijua mtoto anakuja kwa kikohozi chake kuanzia kona ya mtaa. Siku hiyo hakusikia kitu. Alipomaliza kupaka aligeuka kutafuta kitambaa, na mlangoni pa chumba palikuwa na mtu amesimama kimya, amejifunika shali ya buluu, kichwa kimeinamia upande wa kushoto, anamtazama.

Brashi ilimwanguka.

"Mama?" alisema Bibi Dobi.

"Bibi, ni mimi," alisema Kishikizo. Nyuma yake shangazi alikuwa anainama kuvua viatu ili aingie.

Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda. Mtoto alikuja akasimama kati ya magoti yake, amenenepa, anapumua bila mlio wowote. Alitazama ukuta mweupe, juu mpaka chini. Akatazama dirisha lililo wazi, na tofali la matundu, na hewa inayolitikisa pazia.

"Mama ameenda wapi?"

"Amepumzika."

Kishikizo alinyoosha kidole kuelekea tofali la matundu.

"Sasa nani anaziba baridi?"

"Mimi," alisema Bibi Dobi, akashika ncha mbili za shali na kumfunga vizuri shingoni.